Tuliwauliza watu wa Tandale, hatukurudi kuwajibu

Mwezi Mei uliopita nilisimama katika ukumbi wa chuo ninachofanyia kazi hapa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, nikiwatazama wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakieleza kwa mabango tafiti zao kuhusu afya, ustawi na jamii mbele ya watu waliohojiwa katika tafiti hizo. Walikuwapo wahadhiri, lakini walikuwapo pia wastaafu wa mitaa ya jirani, muuguzi mmoja, na akina mama wawili waliokuja na vigari vya watoto. Mzee mmoja, aliyekuwa miongoni mwa waliohojiwa kuhusu upweke, alisoma bango zima taratibu, kisha akamwambia binti aliyeliandaa kwamba swali la saba lilimchanganya, kwa sababu kuishi peke yake alikuchagua mwenyewe. Binti yule alichukua kalamu akayaandika maneno hayo pembeni mwa bango, msimamizi wake akiwa amesimama palepale. Nilikumbuka Tandale, kule Dar es Salaam, nikaona haya.

Mwanzoni mwa mwaka 2016, miezi michache baada ya kipindupindu kuzuka jijini Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha umma, na utafiti wangu ulihusu maji, afya na hali za akina mama wa Tandale. Aliyewahi kwenda fildi anaijua safari ya barua ya utambulisho: inatoka chuoni, inapita mkoani na wilayani, inashuka kwa mtendaji wa kata, inafika serikali ya mtaa, na kila inapotua inapigwa muhuri. Katika ofisi moja ya njiani, ambayo sitaitaja, nilirudi siku tatu mfululizo kwa sababu mwenye ufunguo wa droo ya muhuri alikuwa kikaoni. Nililalamika sana wakati ule. Leo siilaumu tena safari hiyo kama zamani, kwa kuwa mwisho wake ni mjumbe anayetoka nawe nyumba kwa nyumba, anabisha hodi, na kuwaambia watu wewe ni mtoto wa nani na umetumwa na nani. Hapa Leeds mwanafunzi anajaza fomu ya maadili kwenye kompyuta, anajibiwa na kamati ambayo huenda haina hata mtu mmoja wa mtaa unaohusika, kisha anatuma dodoso kwa barua pepe na kusubiri wachache watakaojali kulijibu, mara nyingi kwa ahadi ya vocha ya dukani. Tandale hakuna aliyenikatalia wala aliyeniomba chochote. Nilipewa kigoda, na katika nyumba moja mama alinijibu maswali kwa dakika arobaini huku akigeuza vitumbua, akanifungia vinne nilipoaga.

Dodoso lenyewe tulilitafsiri kutoka Kiingereza usiku mmoja hosteli, katika chumba cha wawili tulimokuwa tukilala wanne kwa kubebana. Neno ustawi lilitupa tabu tangu siku ya kwanza. Nilipomweleza mama mmoja kwamba nimekuja kuuliza habari za ustawi wake, aliniuliza kama mume wake amenituma, kwa maana katika mitaa ya Dar es Salaam kwenda ustawi ni kwenda ofisi ya ustawi wa jamii kumdai mwanamume matunzo ya watoto. Nikabadilisha, nikawa nauliza hali, na hapo nikakumbana na ukuta mwingine: mtu anapoulizwa hali jibu lake ni nzuri, au tunamshukuru Mungu, hata kama anayejibu ametoka kuzika juzi. Karatasi zangu ishirini za kwanza zilionyesha Tandale yenye raha tupu.

Swali lililonifundisha zaidi lilihusu usingizi. Dodoso la PHQ-9, ambalo hutumika sehemu nyingi duniani kupima dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoisha, na ambalo lina tafsiri ya Kiswahili, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na moja kati yake linauliza kama mtu anapata shida ya usingizi. Nasi tuliliazima swali hilo. Bibi mmoja, ambaye nilimwamkia shikamoo akanivutia mkeka, aliliwaza kidogo kisha akaniuliza, "Usingizi unaokatika kwa mawazo, mwanangu, au unaokatika kwa maji?" Maji ya bomba katika uchochoro wao yalikuwa yakitoka saa nane za usiku, na yeye ndiye aliyekuwa akiamka kujaza madumu ya wapangaji wote. Kwenye fomu yangu palikuwa na visanduku tu vya kuchagua, kama siku kadhaa au karibu kila siku, bila nafasi ya kuandika sababu. Niliweka alama kwenye karibu kila siku, na hivyo bibi yule mchangamfu akaingia kwenye hesabu yangu kama mtu mwenye dalili ya ugonjwa. Laiti angepata nafasi ya kusimama mbele ya bango langu, angenisahihisha kabla sijafunga kazi.

Sisemi kwamba Uingereza wanaishi vizuri zaidi. Mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na nimeishi miaka miwili katika jengo ambalo majirani nawafahamu kwa milango yao tu. Ndiyo maana nusu ya tafiti za wanafunzi wa hapa zinahusu upweke. Sisi bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, lilipochelewa tulipiga pasi ndefu pamoja, tukiruka mlo, na hakuna aliyelala njaa peke yake. Lakini nisiipambe mno hosteli yetu. Kubebana kulikuwa na kunguni na usingizi wa zamu, na mwenzetu mmoja alipoacha kuingia darasani muhula mzima, tulisema ana mawazo mengi, tukaishia hapo. Hapa angalau angepangiwa miadi ya kuonana na mshauri.

Ninachokionea wivu ni kule kurudi. Tafiti zetu zina mlango wa kuingilia mtaani, tena mzuri kuliko wa huku, lakini hazina njia ya kurudia. Fomu ya ridhaa huandikwa kwa Kiswahili ili mhojiwa aelewe anachokubali. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, hujalidiwa, hupelekwa maktaba, na mwenye nyumba aliyetoa kigoda hana pa kuisoma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa maktaba mpya kubwa mwaka 2018, na Mlimani palepale ipo Taasisi ya Taaluma za Kiswahili yenye wataalamu wa istilahi, kwa hiyo tatizo si uhaba wa mahali wala wa maneno. Wala si kwamba haiwezekani. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatoa wanafunzi, wakiwamo wa Chuo Kikuu Ardhi, wakachora pamoja na wakazi ramani za kata zinazofurika, na mtu wa mtaani aliweza kuweka kidole kwenye mfereji ulio nyuma ya nyumba yake.

Pendekezo langu ni dogo. Ile barua ya mihuri irudi kwa njia ileile: chuo kisipokee tasnifu ya afya au ya jamii iliyofanywa mtaani mpaka iambatane na kurasa mbili za Kiswahili zenye muhuri wa serikali ya mtaa, kuthibitisha kwamba mwanafunzi amerudi na kusomea watu alichokiona. Wapo watakaosema matokeo mengine yanaaibisha mtaa. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa magonjwa yanayonyanyapaliwa, lakini aibu hiyohiyo haituzuii kuyaandika kwa lugha ambayo wahusika hawaisomi.

Nilirudi Tandale mwaka 2022 nikiwa likizo. Bibi alinitambua kabla sijamaliza shikamoo. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa rambo, uliosalia tangu kabla mifuko hiyo haijapigwa marufuku mwaka 2019, na ndani yake, katikati ya kadi ya kliniki na risiti za umeme wa luku, ilikuwamo nakala ya fomu yangu ya ridhaa. Chini iliandikwa kwamba mshiriki akiwa na swali apige namba ifuatayo. Alikuwa amepiga mara mbili. Laini ile ilifungwa mwaka 2020, wakati wa usajili wa alama za vidole, mimi nikiwa nimeshahamia huku.

Nilimweleza nilichoandika kuhusu usingizi. Alicheka, akasema maji siku hizi yanatoka alfajiri, kwa hiyo nikafute. Kisha akanipa kalamu niandike namba mpya. Nilianza na +44, akauliza kupiga huko ni shilingi ngapi kwa dakika, nami nikaikata na kuandika ya mdogo wangu anayeishi Sinza.