Kenya ya 1971 na Australia ya 2014: nani angemla nani?

Mjomba ana gongo la mforsadi la kuchezea mpira wa magongo, analoliweka nyuma ya mlango, nyumbani kwake Ganjoni, Mombasa. Zito kama mchi, mpini umefungwa kitambaa kilichogeuka cheusi kwa jasho. Juzi mjukuu wake alirudi mazoezini akaegemeza lake la kaboni palepale, ubishi ukaanza. Kenya iliyocheza Kombe la Dunia la kwanza la mpira wa magongo, Barcelona 1971, ingekutana na Australia iliyotwaa kombe 2014, ingekuwaje?

Kijana hakuona haja ya kufikiri. Australia ile iliilaza Uholanzi 6-1 kwenye fainali, tena The Hague, nyumbani kwao. Chris Ciriello peke yake alifunga matatu. Halafu siku hizi kubadilisha wachezaji hakuna kikomo: anayehema anatoka, aliyepumzika anaingia. Vijana wa Avtar Singh Sohal, nahodha wa Kenya ile, wangekimbizana nao dakika ishirini, basi.

Mjomba ana hoja zake, wala si mapenzi matupu. Kenya ilimaliza ya nne duniani. Ilifungwa 1-0 na wenyeji Uhispania katika nusu fainali, ikaikosa shaba mbele ya India, 2-1, kwa muda wa ziada. "Waje nyasini," akasema.

Hapo nikamsikiliza kwa makini, maana nyasi nazijua. Mpira unakujia kwa kasi, unagonga kishungi cha majani hatua moja kabla hujaufikia, unaruka hadi gotini. Lazima uuzime kwanza, na enzi hizo hata mkono uliruhusiwa, ndipo upige chenga. Pasi ndefu za Waaustralia zimezaliwa kwenye zulia la nyasi bandia lililomwagiwa maji. Isitoshe, sheria ya kuotea ilikuwepo bado. Mshambuliaji wa leo aliyezoea kuganda karibu na kipa angepulizwa filimbi mpaka achoke.

Mimi nasema hivi: kwenye zulia Australia ingefunga sita, na huenda ingejizuia. Kwenye nyasi, kwa sheria za 1971, Kenya ingepata sare, pengine hata ingeshinda 1-0. Ila Mjomba hapendi nikiongeza kwamba Waaustralia wangezizoea nyasi kwa mwezi mmoja, ilhali Kenya zulia lenyewe ingelitoa wapi? Olimpiki ya Montreal, 1976, ndiyo ya kwanza kuchezwa kwenye nyasi bandia, na India, bingwa mara saba, ikarudi mikono mitupu. Sisi tuliigomea michezo hiyo. Timu yetu ya wanaume ilionekana Olimpiki mara ya mwisho Seoul, 1988.

"Sawa," Mjomba akajibu, akalinyanyua gongo lake lililonyooka kama rula. "Huyo Ciriello mpe hili, siyo hilo lenu lililopinda mgongo la kuburutia mpira, kisha apige hiyo kona yake ya adhabu tuone."

Kijana alilipokea, akalipima mkononi, akalirudisha nyuma ya mlango.