Cheti cha mafuriko apewe nani?

Maji yakishapungua Jangwani, bondeni mwa jiji la Dar es Salaam, na tope likaanza kukauka ukutani, huja maneno ya shukrani. Vijana waliovusha wazee, akina mama waliopika kwenye jiko la shule ya msingi, bodaboda waliowakimbiza wajawazito hospitali bila kudai nauli: watambuliwe. Wapo wanaotaka hafla kabisa, yenye turubai, viti vya kukodi, mgeni rasmi na vyeti. Wapo wanaojibu kwa methali, tenda wema nenda zako, na kuongeza kwamba ukianza kugawa vyeti umeanza kugawa fitina.

Mimi naegemea upande wa kuwatambua, lakini hoja za wanaokataa zina uzito kuliko zinavyopewa.

Kwanza tuone kazi yenyewe. Mto Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu mpaka baharini karibu na Daraja la Selander. Mvua ikipiga huko juu, bondeni maji huingia ndani kabla mtu hajamaliza kuhamisha godoro. Desemba 2011, kwa mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijaonekana jijini tangu 1954, watu takriban 40 walikufa na maelfu wakakosa pa kulala. Baadhi yao walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Vyombo vya serikali vilifika, hilo halina ubishi. Ila mwokoaji anayetoka nje ya mtaa hupita barabara ambayo nayo imezama, wakati jirani tayari yupo. Anajua nyumba ipi ina bibi asiyetembea. Anajua mfereji ulipo chini ya maji ya kahawia. Anachokosa ni boti, jaketi la kuokolea na kamba ya maana, kwa hiyo anafunga madumu matupu na kuingia majini hivyohivyo.

Mtu wa namna hiyo akipewa karatasi yenye muhuri wa kata, wenye ajira zao hucheka. Wasicheke. Kijana wa Kigogo au Mchikichini asiye na cheti chochote zaidi ya cha darasa la saba anaweza kuibeba karatasi hiyo anapoomba ulinzi, udereva, au nafasi ya mafunzo Msalaba Mwekundu. Tena vijana wa mabondeni wana jina baya mjini. Kikitokea kibaka, macho huelekea kwao. Kusimamishwa mbele ya mtaa na kuambiwa umeokoa watu kunagusa jambo ambalo fedha haiwezi kuligusa.

Sasa upande wa pili. Barabara ya Morogoro inapofungwa pale Jangwani, vijana haohao huvusha watu mgongoni au kwa mkokoteni, kwa malipo, na gari likizima husukuma kwa malipo vilevile. Wapinzani wa tuzo hulishikilia sana hili. Asubuhi kijana amemtoa mtoto majini bure, mchana anadai hela kwa karani anayekwenda Kariakoo. Huyo tumwite shujaa au mfanyabiashara wa maafa? Naiona hoja hii nyepesi. Siku ya mafuriko hakuna kibarua, mzigo haupatikani, na chakula cha nyumbani kimesombwa. Kumlipisha mwenye mshahara anayetaka kuwahi kazini si sawa na kumlipisha anayezama, na watu wa mtaani huitofautisha mipaka hiyo vizuri sana. Anayeivuka, yaani anayesubiri bei ikubaliwe ndipo anyooshe mkono, anajulikana kwa jina. Kwa hiyo kuulizwa kwa mtaa wenyewe kungetosha kumaliza ubishi huu.

Tatizo ni kwamba mtaa hauulizwi. Orodha ya wanaostahili huandikwa ofisini, na majina huingia kwa ukaribu: mwenye kadi ya chama, mwenye simu ya mwenyekiti, aliyepigwa picha akiwa ndani ya maji. Aliyekaa siku nzima akisonga ugali wa watu mia kwenye moshi hakupigwa picha. Aliyewalaza majirani sebuleni kwake wiki nzima naye hayumo. Hapo ndipo fitina inapozaliwa, na ni fitina yenye gharama, kwa sababu masika yajayo aliyerukwa anaweza kusema waacheni wenye vyeti waingie majini.

Tuliona kitu cha jamii hiyo mbali na Dar es Salaam. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba na kuua watu 19 kati ya 43 waliokuwamo, mvuvi kijana Majaliwa Jackson alisifiwa nchi nzima. Alipewa shilingi milioni moja, na Rais akaagiza aajiriwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ilikuwa haki kumshukuru. Lakini wavuvi wengine walikuwa kwenye mitumbwi yao siku ile, na haukupita muda watu wakaanza kubishana ni nani hasa aliyefungua mlango wa ndege. Uokoaji wa watu wengi uligeuzwa hadithi ya mtu mmoja, kisha mtu huyo mmoja akabebeshwa mashaka yote. Ajira, kwa upande mwingine, ilikuwa zawadi yenye akili, maana ilimpeleka penye mafunzo na vifaa.

Vifaa, ndiyo. Tuzo ikitolewa kwa ujasiri peke yake, inasifia kuruka kwenye maji yenye nyaya za umeme, vyoo vilivyofumuka na mikondo isiyoonekana. Kijana wa miaka kumi na saba anayetazama hafla hiyo anajifunza nini? Na kiongozi anayekabidhi cheti, ameulizwa lini kuhusu boti? Anayesema hafla inaweza kuwa pazia la kuficha wajibu wa halmashauri ana haki ya kusema hivyo. Makofi ni rahisi kuliko kuzibua mifereji.

Wapo pia watakaokataa kutajwa. Muumini wa Kiislamu au wa Kikristo aliyefundishwa kwamba mkono wa kushoto usijue unachotoa wa kulia hapendi kuitwa jukwaani, na asilazimishwe.

Ndiyo maana nasema utambuzi wenye maana ni ule unaompa mtu nafasi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Mpishi wa kambi na mvushaji wakae humo, wasiwe wageni waalikwa wa siku moja. Dar es Salaam imewahi kuonja faida yake: mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora ramani za kata zinazofurika, na wakazi ndio walioonyesha maji huwa yanafika wapi. Hapo ujuzi wao ulihesabiwa kuwa ujuzi. Yapo na madogo ya kulipa: simu iliyoloa, mkokoteni uliovunjika, matibabu ya aliyekanyaga bati. Kumrudishia mtu alichopoteza akiokoa wengine si kumlipa wema wake. Najua kamati huvuta posho, na posho huvuta watu wasiowahi kulowa. Hatari hiyo naikubali, kwa sharti majina yapitishwe kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa na si kikaoni.

Kuna jambo linaloharakisha haya yote. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, na nyumba za bondeni zimelipiwa fidia na kubomolewa. Kuwaondoa watu kwenye njia ya maji kunaokoa maisha kuliko mwogeleaji yeyote, sibishani na hilo. Ila mtaa ukivunjwa, mtandao wa nani anamjua nani unavunjika nao. Waliohama wametawanyika kila mmoja kwa uwezo wake, wengine hata huko wamepanga mabondeni, kwa sababu kodi huko ni nafuu. Wana uzoefu wa mafuriko mengi, na wenyeviti wa mitaa waliyohamia hawajui hilo. Orodha inayohitajika haraka, basi, ni ya majina, ujuzi na mtaa mpya wa kila mmoja, ikabidhiwe kata iliyompokea kabla ya masika. Vyeti vinaweza kufuata hata mwakani.