Zahanati haina dawa, ukumbi wa nini?

Mji mdogo ukianza kuchangishana kujenga ukumbi wa jamii, hoja ya kwanza huwa hiyo: zahanati haina dawa, watoto wamebanana madarasani, halafu mnakwenda kumwaga zege la ukumbi? Ni hoja nzito. Mama wa gengeni ameshachangia maabara, madawati na mlinzi wa shule, na sasa mwenyekiti wa kitongoji anarudi na daftari jingine. Akigoma, si mkorofi. Tena ameyaona maboma: kuta zilizoishia kwenye lenta, zinasubiri kupauliwa miaka nenda rudi huku mvua ikizila.

Lakini wanaotaka ukumbi uanze hawasikilizwi vya kutosha, na huitwa wapenda harusi.

Miji midogo mingi ya Tanzania, pamoja na stendi na soko lake, kisheria bado ni vijiji. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya mwisho, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila ridhaa ya mkutano huo. Sasa mkutano wenyewe unakaa wapi? Chini ya mwembe. Ajenda ya ekari za mwekezaji inapofikiwa, wingu limeshatanda. Walio nyuma hawasikii kitu, kina mama wanakimbilia nguo walizoanika, wazee wanatafuta kibaraza. Karatasi ya mahudhurio ilishazunguka tangu asubuhi, na majina yote yanaingia kwenye muhtasari kana kwamba wenyewe walikuwepo ardhi ilipopitishwa. Mawe ya mipaka yakianza kusimikwa ndipo watu wanaulizana nani aliridhia, na wanaonyeshwa saini zao.

Mvua ikizidi mkutano unahamia darasani, au kanisani, au msikitini, au ofisi ya chama. Kote huko pana mwenyewe. Ni vigumu kumhoji mtu mapato na matumizi ukiwa umeketi kwenye kiti chake. Hili kwangu lina uzito kuliko viti na spika za harusi, ingawa ada ya harusi ndiyo itakayomlipa mlinzi na kununua rangi.

Azimio la Arusha lenyewe lilijadiliwa na Halmashauri Kuu ya TANU, Januari 1967, ndani ya jengo la kijamii la Kaloleni, Arusha ikiwa bado mji wa watu elfu 32 hivi. Jengo hilo leo ni makumbusho. Vikao vidogo navyo vinahitaji paa: kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA kinachohamisha sanduku lake la kufuli 3 kutoka sebule hadi sebule kinamtangazia kila mpita njia fedha zinalala kwa nani.

Hofu ya wanaopinga ukumbi ninayoiheshimu zaidi ni ya umiliki. Viwanja vya michezo kama Kirumba cha Mwanza vilijengwa enzi za chama kimoja, wananchi wakichangishwa. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, viwanja vikabaki kwa CCM, chama kilichokuwa pekee, na mjadala wa nani hasa alivijenga haujaisha hadi leo. Mtu aliyebeba mawe siku ya msaragambo hana risiti.

Kwa hiyo kabla ya msingi kuchimbwa, mkutano mkuu uandike kwenye muhtasari kwamba jengo ni mali ya kijiji, hati itakuwa kwa jina la halmashauri ya kijiji, ada ya ukumbi itasomwa kila robo mwaka pamoja na mapato mengine, na hakuna chama wala dhehebu litakalokabidhiwa ufunguo. Wanaogoma wakidai kusomewa maneno hayo kabla ya kutoa hata tofali moja, wasomewe, na nakala ibandikwe sokoni.