Windows ni programu, au ndiyo inayozibeba programu?

Ukipeleka kompyuta kwa fundi pale Makoroboi, Mwanza, bei huja mbili: ya kupiga Windows na ya kuweka programu. Juzi mteja mmoja aligoma. "Kwani Windows yenyewe si programu?" Fundi akacheka: "Mzee wangu, programu ni Word. Windows ndiyo inayoibeba." Ubishi ule nimeubeba hadi nyumbani Kirumba.

Fundi hajakosea sana. Word unaifungua, unaandika barua, unaifunga. Mfumo endeshi kama Windows, yaani unaosimamia kompyuta nzima, unaukuta umeshaamka, na ukiuzima kila kitu kimelala. Tena kiini chake, ile sehemu ya ndani kabisa inayotawala mashine, hakipangi foleni ya prosesa (ubongo wa kompyuta) pamoja na programu nyingine. Chenyewe ndicho kinachoipanga foleni. Word ikitaka kuhifadhi faili hairuhusiwi kuigusa diski, sharti ikiombe kiini kiifanyie kazi hiyo. Mwenye mamlaka ya namna hiyo, unamwitaje mwenzake Word?

Ila mamlaka hayabadilishi asili. Kiini cha Linux, mfumo endeshi mwingine, alichokitangaza Linus Torvalds Agosti 1991, kimeandikwa kwa sehemu kubwa kwa lugha ya programu iitwayo C na kupitishwa kwenye kompaila (kigeuzi cha maandishi hayo kuwa lugha ya mashine) kama programu nyingine yoyote. Hukaa kwenye diski kama faili, na kompyuta ikiwashwa hupakiwa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Simu yako ikiwa ni Android, unatembea nacho mfukoni.

Hata mahakamani jambo hili limefika. Kampuni ya Franklin ilinakili programu za mfumo endeshi wa Apple II, ikajitetea kwamba hizo ni njia tu ya kuendesha mashine, hazina hakimiliki. Mwaka 1983 mahakama ya rufaa ya Marekani iliikatalia: kwa sheria yao, maelekezo yanayotumika ndani ya kompyuta ili kuleta matokeo fulani ni programu, yawe yanamhudumia mtu au yanaihudumia mashine. Kweli, majaji waliamua umiliki, si sayansi. Lakini sioni walipoteleza.

Anapoteleza mteja wetu ni kudhani Windows ni programu *moja*. Ndani yake mna kiini, draiva (programu za kuendesha vifaa), Notepad, kikokotoo na vingine tele. Kiini ni programu, hilo sina shaka nalo. Windows nzima kuiita programu ni sawa na kuliita soko la Kirumba duka.

Na ile bei? Kupiga Windows ni kunusuru mafaili kwanza, kufomati, kisha kuhangaika na draiva ya Wi-Fi. Fundi angesema tu kwamba anatoza muda wake, mzee angelipa bila maneno.