Shida si bei ya mboga
Kuna makala nimesoma, mwandishi wake anadai watoto wa mjini wananenepa kwa sababu mboga na matunda ni ghali. Kwa Dar sikubali. Fungu la mchicha sokoni Buguruni ni rahisi kuliko sahani ya chipsi, na maembe ya msimu ndiyo kabisa. Shida ipo getini kwa shule: mtoto ana hela ya kula mkononi, akitoka mapumziko anakuta chipsi, barafu za rangi na soda, ambayo chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai! Nafundisha shule ya msingi. Siku mama wa matikiti na mapapai ya kukata akija, watoto wanamgombania. Wazazi wenzangu, shuleni kwenu getini panauzwa nini?