Nunua Moja, Upate ya Pili

Mzee ni fundi wa majeneza karibu na City Mochari. Alipotaka tovuti, nikamwambia kwa mdomo wangu huu huu: "Mzee, nakuwekea kwenye seva ya bure, kompyuta ya watu ya kuhifadhi tovuti. Hutoi hata ndururu, na iko hewani usiku na mchana."

Masharti ya wenye seva niliyapita kama matatu iliyojaa inavyopita steji. Nikabofya "Nakubali," nikaenda kunywa chai.

Wiki ya kwanza akapiga simu. "Kijana, hii kitu haifunguki." Nikamweleza: ikikaa dakika 15 bila mgeni, seva inalala. Mtu akibisha, inaamka polepole, karibu dakika nzima.

Nikasikia randa ikinyamaza. "Hapa kwangu wanaolala ni wateja."

Hilo lingeisha. Jumanne akaniita karakanani, nikakuta ukoo mzima wa wateja. Mjomba mmoja alishika simu: jeneza letu la mvule, vishikio vya shaba viking'aa, na chini yake kwa herufi nyekundu: NUNUA MOJA, UPATE YA PILI BURE! LEO TU!

Tangazo la piza. Mwenye seva ya bure naye lazima ale, na anakula kwa kubandika matangazo kwenye tovuti za watu kama mimi. Piza yenyewe, kwenye simu ndogo, huioni mpaka uteremshe kidole.

Nikajitetea kwa sarufi. "Someni vizuri, mjomba. Ingekuwa jeneza, wangeandika *la* pili."

"Kijana, hii ni Nairobi. Hapa hata jeneza ni ya pili."

Sikuwa na jibu.

"Hatulihitaji sasa hivi," akaendelea, mtu wa haki. "Mtuwekee tu. Muandike kwa risiti."

"Na nyanya yetu ana miaka tisini," mama mmoja akaongeza. Nyanya, aliyekuwa ameketi pale pale kwenye benchi, akamkata jicho.

Saa nzima ya mapatano. Vishikio vikatolewa bure, usafiri hadi Machakos ukawa nusu bei, na ile elfu mbili niliyokuwa namdai Mzee ikaingia kwenye petroli.

Walipoondoka, Mzee akajipangusa vumbi la mbao. "Ya kulipia ni ngapi?"

"Elfu kadhaa kwa mwaka."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

Akachukua simu, akateremsha kidole chake kinene taratibu, akaitazama picha kwa muda.

"Hii piza inauzwa wapi?"