Ukijenga kerneli, ifunge kwenye pakeji

Jumamosi niliitwa ofisi moja hapa Mwanga, Kigoma. Mashine ya Debian (aina ya Linux) imegoma kupokea masasisho, /boot, folda ya faili za kuwashia mashine, imejaa pomoni. Ndani kuna kerneli tatu (kerneli ni kiini cha mfumo endeshi). Naziuliza kwa dpkg -S, amri ya kutafuta faili ni ya pakeji (furushi la programu) gani: hakuna hata moja inayotambulika. Fundi aliyenitangulia alikompaili, yaani aliijenga kerneli kutoka msimbo wake, akapiga make install inayoweka faili bila pakeji, akaondoka. Ikabidi nifute kwa mkono: vmlinuz, initrd.img, System.map, config, kisha folda yake kwenye /lib/modules, na kila mara naangalia uname -r, inayotaja kerneli inayoendesha mashine saa hiyo, nisije nikaifuta inayotumika. Mhasibu amesimama mlangoni, mishahara yote iko humo.

Mafundi wenzangu, tusifanyiane hivi. Amri ni moja tu: make bindeb-pkg. Ikimaliza, kwenye folda ya juu ya ile ya msimbo utakuta .deb zako (pakeji za Debian), linux-image na linux-headers. Unasimika kwa dpkg -i, GRUB, menyu ya kuwashia mashine, inasasishwa hapohapo, na faili zake zinaandikwa ni za pakeji gani. Siku haitakiwi, apt remove, imekwisha. Weka na LOCALVERSION (nyongeza kwenye jina la kerneli) yenye jina linaloeleweka, ili atakayekuja ajue kerneli hii ilijengwa kwa kazi gani. Tena .deb inabebeka kwa flashi! Unakompaili mara moja kwenye mashine yenye nguvu hapa mjini, unaenda nayo Kasulu au Uvinza, unasimika kwenye mashine zote za aina ile. Kuna watu wanakompaili upya kwenye kila kimashine chenye RAM ya 2GB, umeme ukikatika katikati wanarudi kuhangaika. Inaniuma.

Kwenye laptopu yako ya majaribio, haya, piga make install, ni haraka kweli. Na wengi wetu kerneli ya Debian yenyewe inatutosha, hilo nalikubali.

Halafu ninyi wa make localmodconfig, amri ya kupunguza kerneli kabla ya kuijenga: inabakiza moduli (vipande vya kerneli vya kuendesha vifaa) zilizopakiwa saa hiyo tu. Chomekeni modemu na printa kwanza. Mimi niliwahi kuisahau modemu, mteja wa Ujiji akakaa siku mbili bila intaneti, na lile kosa lilikuwa langu.

Ile ofisi nimeiachia flashi yenye .deb pamoja na daftari. Ukurasa wa kwanza: jina la kerneli, tarehe, sababu ya kuijenga, amri ya kuiondoa. Mhasibu amevifungia kwenye droo ya risiti.